Radi ikipiga shuleni: inapita wapi, na watoto wakae wapi

Shule niliyosoma, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Kiranja aliigonga kwa kipande cha nondo, na mlio ukafika mpaka kwenye migomba ya majirani. Pale uwanjani hakukuwa na kitu kirefu kuliko ule mwembe, ukiacha mlingoti wa bendera. Wingu likifunga, kiranja alikimbilia palepale, chini ya mti mrefu, mkono umeshika chuma, awagongee wenzake waingie madarasani. Mvua ikianza kumwagika, sisi wadogo tulitoka na ndoo kukinga maji ya gata, miguu mitupu kwenye udongo uliolowa, mkono mmoja umeshika bomba la bati.

Hakuna aliyetukemea. Walimu wetu walikuwa waangalifu sana kwa mambo mengine: kuni, visima, nyoka kwenye majani marefu. Habari ya radi hawakuwa wamefundishwa, na kwa kiasi kikubwa bado haifundishwi. Watu wanajua kwamba radi inaua. Wasichokijua ni njia inayopita mpaka kumfikia mtoto aliyekaa kwenye dawati, chini ya paa, mlango umefungwa. Ukiijua njia hiyo, utajua pia kwa nini baadhi ya mambo tunayoyafanya kila mvua inapokuja yanatuweka pabaya.

Tuanze juu. Ndani ya wingu kubwa la mvua upepo unapanda kwa kasi, na vipande vya barafu vinagongana humo bila kupumzika. Katika kugongana huko vinapeana chaji ya umeme: vile vyepesi vinapanda na chaji chanya, vile vizito vinabaki chini na chaji hasi. Wingu likishindwa kuihimili tofauti hiyo, mkondo wa umeme huanza kushuka kwa hatua hatua, ukitafuta njia hewani. Unapokaribia ardhi, vitu vyote vilivyosimama huko chini, miti, milingoti, mapaa, hata watu, vinaanza kutoa vijimkondo vyao kuelekea juu. Kimoja kikiungana na ule wa juu, njia imekamilika, na umeme unapita. Hapo ndipo tunapoona mwanga. Hewa kwenye njia hiyo hupata joto la nyuzi zipatazo 30,000 za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua, inatanuka kwa ghafla, na kishindo cha kutanuka huko ndicho ngurumo. Radi ya kawaida hubeba ampea zipatazo 30,000. Pasi ya nguo haifiki ampea 10.

Kanda ya Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa zaidi. Utafiti uliotoka mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za setilaiti za miaka 16, uliiweka Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: radi zipatazo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Victoria nalo lina utaratibu wake. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, na mawingu yanajengeka alasiri juu ya vijiji. Usiku mambo yanageuka: hewa inarudi ziwani kutoka pande zote, inakutana katikati, na dhoruba zinachemka juu ya maji mpaka alfajiri. Upepo wa mashariki unazisukuma kuelekea Bukoba, ndiyo maana kule kwetu mvua kubwa na radi vinaweza kukukuta asubuhi, watoto wako njiani kwenda shule. Mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake ni ya usiku na taa, yuko ziwani saa zilezile ambazo ziwa linawaka. Wachuma chai wa Kericho na wakulima wa Kisii wao wana alasiri zao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi wakisema "amepigwa na radi" wanamwona mtu aliyeshukiwa na mwale kutoka mbinguni mpaka utosini. Inatokea, lakini ni nadra. Madaktari waliochunguza majeruhi wa radi wanakadiria kwamba katika kila watu 100 wanaodhurika, waliopigwa moja kwa moja ni kati ya 3 na 5 tu. Wengine kiasi hichohicho walikuwa wameshika kitu kilichopigwa: bomba, waya wa uzio, nondo ya dirisha. Wapo 10 hadi 15 wanaoumizwa na vile vijimkondo vinavyotoka mwilini kwenda juu, hata kama radi yenyewe imeangukia kwingine. Karibu theluthi moja hurukiwa: radi inapiga mti, inashuka na shina, kisha inamwona aliyejikinga pale chini. Mwili wa mtu umejaa maji yenye chumvi, unapitisha umeme kuliko ubao, basi umeme unaacha mti na kumrukia yeye.

Waliobaki, yaani karibu nusu, wanapigwa kutoka chini.

Radi ikifika ardhini haipotei palepale. Inasambaa kwenye udongo kama maji ya ndoo yaliyomwagwa uani, nguvu ikiwa nyingi pale ilipoangukia na ikipungua kila hatua unayosogea mbali. Sasa mtu akisimama miguu imeachana, mguu mmoja uko kwenye nguvu kubwa zaidi na wa pili kwenye nguvu ndogo zaidi. Umeme unapenda tofauti ya namna hiyo. Unapanda mguu huu, unapita kiunoni, unashuka mguu ule. Wafugaji wanalijua jambo hili kwa uchungu: ng'ombe wote waliokuwa chini ya mti wamelala, na mchungaji aliyekuwa hatua chache pembeni ameamka akiwa na ganzi tu. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana, na moyo wake uko njiani katikati. Mtoto aliyekaa chini, mikono ameegemeza sakafuni nyuma yake, amejiweka karibu na hali ya huyo ng'ombe.

Ukilishika hilo moja, mengine yanaeleweka. Kundi la watoto waliobanana chini ya mti linaumia pamoja kwa radi moja. Kandambili na yeboyebo hazisaidii: umeme uliokata kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na kipande cha mpira chenye unene wa kidole. Na kuwa "ndani" hakutoshi mpaka tuulize ndani ya nini.

Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Walikuwa darasani. Oktoba 2018, wanafunzi 6 wa shule moja ya msingi mkoani Geita walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Agosti 2020, huko Arua, Uganda, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbia mvua wakaingia kwenye kibanda cha nyasi, 10 wakafa. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 na kujeruhi zaidi ya 30 kwenye jengo la mabati walimokuwa wamekusanyika kwa ibada. Karibu wote hao walikuwa wamefanya ambalo sisi sote tungewaambia walifanye: wameingia ndani.

Angalia darasa letu lilivyojengwa. Kuta ni tofali za kuchoma. Zege lenye nondo utalikuta kwenye lenta, limezunguka juu ya madirisha, halishuki mpaka chini. Kenchi ni mbao. Juu ni mabati. Radi ikiangukia bati, umeme unasambaa juu ya paa lote kwa urahisi, kisha unafika ukingoni na hauoni chuma cha kuushusha ardhini. Lazima ushuke kwa njia yoyote. Unashuka kwenye ukuta uliolowa, unarukia nondo za dirisha, kutoka nondo unamrukia mtoto wa dawati la pembeni, unaingia sakafuni kwa kupitia miguu ya waliokaa karibu. Kama kuna waya wa umeme au wa sola ukutani, unaufuata huo mpaka kwenye swichi alikosimama mwalimu. Jengo la ghorofa mjini, lenye nguzo za zege na nondo kutoka juu mpaka msingi, mabomba ya maji na nyaya ndani ya kuta, limeupa umeme njia nyingi za kushuka bila kumpitia mtu. Darasa la kijijini halijaupa hata moja. Kibanda cha nyasi ni kibaya zaidi, kwa sababu hakina chuma kabisa, na kinashika moto wakati waliomo hawawezi kunyanyua miguu. Hilo la miguu nitalirudia.

Gari lenye bodi ya chuma, hata daladala, ni salama kuliko darasa la namna hiyo. Kinachokukinga ni lile bati lililokuzunguka pande zote na juu: umeme unapita nje yake na kurukia ardhini. Matairi hayana kazi hapo. Funga vioo, toa mikono kwenye vyuma. Bodaboda na bajaji hazimo katika hesabu hiyo.

Swali la pili ni lini. Mwanga tunauona papo hapo, sauti inakuja polepole, inatumia sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Ukiona mwanga ukahesabu mpaka 30 kabla ya kusikia ngurumo, radi ile iko kilomita 10. Inasikika mbali, na ndiyo maana watu hawashtuki. Lakini radi inayofuata inaweza kuangukia kilomita 10 kutoka ile ya kwanza, nje kabisa ya mvua, mahali ambapo bado kuna jua. Kwa hiyo kwa mtoto hakuna haja ya hesabu. Ukiisikia ngurumo, tayari uko mahali inapoweza kufika. Mpira usimame hapohapo, hata kama imebaki dakika moja ya mchezo. Na watu wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Si tangu mvua kukatika. Wengi hupigwa mwanzoni, kabla hawajaona sababu ya kukimbia, na mwishoni, wakidhani imekwisha.

Dakika 30 hizo zinaleta ugumu wa kweli shuleni. Katika vijiji vingi vinavyolizunguka ziwa, wingu la alasiri linafika wakati uleule wa kufunga vipindi. Mwalimu wa zamu anatazama juu, anaona giza linakuja, anasema "kimbieni nyumbani kabla haijanyesha". Amewatuma kwenye njia iliyo wazi, katikati ya mashamba, katika nusu saa mbaya kuliko zote. Kuwabakiza ni vigumu: wapo wanaotembea kilomita kadhaa, wapo wazazi watakaokuja kuuliza kwa ukali kwa nini mtoto amefika magharibi. Ndiyo maana uamuzi huu haufai kuachiwa mwalimu mmoja, uwanjani, wingu likiwa kichwani. Upitishwe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya vuli kuanza, uandikwe, na kila mzazi ajue: ngurumo ikisikika saa ya kutoka, watoto wanabaki, na hakuna atakayeadhibiwa kwa kuchelewa asubuhi kwa sababu hiyohiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku na tahadhari za mvua kubwa. Shule yenye kundi la WhatsApp la wazazi inaweza kuupeleka huko kila asubuhi. Lakini masikio ya watu waliopo pale ndiyo yanayotoa taarifa ya mwisho.

Na kama jengo lililopo ni lile darasa la tofali na mabati tu? Nisingependa kumdanganya mwalimu kwamba kuna kona salama humo. Kuna kupunguza hatari. Watoto watoke kwenye nondo za madirisha, mlangoni, na ukutani penye waya. Hakuna anayetoka kukinga maji wala kushika bomba la gata. Hakuna simu kwenye chaji. Simu haiiti radi, waya wake ndio unaoileta mpaka mkononi. Wakae kwenye madawati, miguu pamoja, wasiegemee ukuta na wasilale sakafuni. Darasa la watoto tisini halina katikati ya kuwatosha wote, najua, lakini kusogeza safu ya dirishani hatua moja ndani kunawezekana leo, bila fedha. Kengele nayo ishuke kutoka kwenye mti, ifungwe barazani. Ikibidi kuita watoto wakati wa ngurumo, filimbi inatosha.

Kinga ya kudumu ni kuupa umeme njia yake. Mfumo kamili wa kinga ya radi una sehemu tatu, na ikikosekana moja, nyingine hazina maana. Juu ya paa kuna fito au waya za kuipokea radi. Kutoka hapo zinashuka waya nene, mbili au zaidi, kwenye pembe tofauti za jengo. Chini kuna ethi: vyuma vilivyochimbiwa mpaka kwenye udongo wenye unyevu, ambavyo fundi anapaswa kuvipima kwa kifaa. Kipimo kinachotafutwa kwa kawaida ni omu 10 au chini yake (omu ni kipimo cha jinsi ardhi inavyoupinga umeme), na kwenye udongo wa mawe au kichanga huenda akalazimika kuongeza vyuma mpaka apate. Mabati, gata na nondo za madirisha huunganishwa na mfumo huo ili umeme usiruke kutoka kimoja kwenda kingine. Shule ya Runyanya ilikuja kufungiwa mfumo kama huu kwa juhudi za ACLENet, mtandao wenye makao yake Uganda unaoshughulikia usalama wa radi barani Afrika.

Wapo wauzaji wanaosema fimbo moja juu ya mlingoti itaikinga shule nzima na kijiji jirani, kama mwavuli. Wataalamu wengi wa radi hawakubaliani na ahadi hiyo, na mimi ningeishauri kamati ya shule isitoe fedha za wazazi kwa hilo. Jambo jingine ambalo halihitaji mtaalamu: nenda nyuma ya jengo, inama, fuata ile waya mpaka inapoingia ardhini. Mara nyingi utaikuta imekatwa usawa wa goti. Shaba inauzika. Kinachobaki ni chuma kirefu juu ya paa kinachoikaribisha radi, kisha kinaiachia ukutani, kando ya dirisha la darasa la kwanza. Kuipitisha waya ndani ya bomba la plastiki na kuizungushia zege mpaka juu ya kimo cha mtu kunasaidia, na kuikagua kila mwanzo wa muhula ni kazi ya dakika tano.

Siwezi kuandika habari hii nikaruka imani. Kuanzia Sumbawanga mpaka Kivu watu wanaamini kuna radi ya kutumwa. Nimekaa misibani ambako swali la kwanza lilikuwa nani, na ninaelewa linatoka wapi: watoto arobaini darasani, mmoja anakufa na wa pembeni yake anapona, akili inadai sababu. Sababu ipo, ni nani alikuwa karibu na nondo, nani miguu yake ilikuwa imeachana, maji yalisimama wapi sakafuni. Kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu hakumdhuru mtu, ila kunamfanya ajione amekingwa. Kunakodhuru ni kumtuhumu bibi wa jirani, na kunakoua ni ile imani kwamba aliyepigwa asiguswe.

Aguswe. Mwili hauhifadhi umeme wa radi. Ukimshika hakuna kitakachokupata. Radi huua hasa kwa kusimamisha moyo na pumzi. Mara nyingi moyo unaanza tena wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi inabaki imezimia kwa muda mrefu zaidi, na moyo ukikosa hewa unasimama mara ya pili. Kwa hiyo katika radi tunaenda kinyume na ajali nyingine: wakiwa wengi wameanguka, anza na anayeonekana amekufa. Anayelia na kujikunja anapumua, anaweza kusubiri. Asiyepumua mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mibonyezo 30 mpulizie pumzi mbili mdomoni, umemziba pua. Mwalimu mwingine apige simu na atafute gari. Kama ngurumo bado zinapiga na mko wazi, mhamishieni kwanza mahali penye nafuu.

Wengine watakuwa macho lakini miguu haitikisiki, imekuwa ya baridi na rangi imewapotea. Hii ndiyo hali inayowazuia watu kutoka kwenye kibanda kinachoungua, na ndiyo inayowafanya ndugu wampeleke mgonjwa kwa mganga badala ya hospitali. Ni mshtuko wa mishipa ya fahamu na ya damu, na kwa kawaida huachia baada ya saa kadhaa. Wapelekwe hospitali hivyohivyo, pamoja na wale wanaosema hawajambo, maana ngoma za masikio zinaweza kuwa zimepasuka.

Baada ya wiki chache mtoto anarudi darasani. Hana kovu, anakula vizuri, anacheka na wenzake. Ila anasahau alichosoma jana, kichwa kinamuuma mchana, usiku halali, wingu likijikusanya anatetemeka. Mwalimu asiyejua atamwandikia kwenye ripoti kwamba amekuwa mvivu. Madhara haya yanajulikana kwa waliopona radi, yanaweza kukaa miezi au miaka, na mtoto wa namna hiyo anahitaji dawati la mbele, muda zaidi kwenye mtihani, na mtu mzima mmoja pale shuleni anayejua kilichompata.